Eda ya Mauwa Jenereta

Jumapili, 15 Machi

Kaunta buku hili nililinunua la kuandikia nyimbo. Tangu Januari liko juu ya kabati na halijapata hata mstari mmoja, basi acha niandike siku zangu, angalau nisiseme nimetupa hela. Naitwa Atuganile. Ni mwimbaji wa Ngarambe Sound, bendi ya dansi, mwaka wa ishirini na mbili huu. Ramadhani imetufungia vyombo stoo, na mie niko chumbani kwangu Wazo nafuta vumbi la saruji la kiwandani juu ya meza. Nikimaliza upande mmoja, upande wa pili umeshajaa.

Mchana nasikiliza redio na kugombana nayo. Leo wamepiga nyimbo tisa mfululizo, hakuna hata gitaa moja lililoguswa na mkono wa mtu. Na msinisingizie uzee. Singeli naipenda, wale watoto wana mbio na wana maneno. Ninaowachukia ni hawa wanaopanda jukwaani na flashi, wimbo unajiimba, wao wanaruka ruka, halafu wanauliza "Dar mpo?" Dar ipo. Ni wewe ndio hupo.

Alhamisi, 19 Machi

Nimemwona Mauwa soko la Tegeta. Mauwa huyu alikuwa mnenguaji wetu miaka sita, na minne kati ya hiyo tulilala kitanda kimoja, humu humu chumbani. Nilimfundisha kupika, akanifundisha kucheza, na sote wawili hatukufaulu. Watu walimwita Mauwa Jenereta kwa sababu umeme ukikatika ukumbini yeye haachi kucheza, anaendelea na ngoma tupu mpaka taa zirudi. Kisha akaolewa na Talha, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Mbweni, na tangu hapo miaka kumi na moja hajakanyaga kwangu.

Leo nimemwita Jenereta kwa sauti ya mtu anayeimbia riziki, soko zima likasikia. Akaniangalia, halafu akageukia bamia. Bamia! Haya bwana. Nyumba ya ghorofa imempa shingo ngumu.

Jumamosi, 21 Machi

Idi. Mvua tangu alfajiri. Tumepiga mbele ya watu kumi na wanne, ukiwahesabu na wahudumu.

Jumanne, 24 Machi

Mvua. Barabara ya kwetu imekuwa uji.

Jumapili, 29 Machi

Sijui nianzie wapi.

Jana jioni tulikodiwa kupiga kwenye sendofu ya binti wa mzee Gaudens, ukumbi mmoja mzuri tu huko Mbweni. Rapa wetu Stephano yuko msibani Mtwara. Kazi ya rapa ni kutaja majina ya watu na kuwachochea waliokaa mpaka wainuke, na Anselmo, kiongozi wetu, akanipa maiki na karatasi: "Atu, leo wewe." Nikataja mzee Gaudens, nikataja mashemeji wa kutoka Songea, nikataja kamati nzima mpaka mweka hazina. Ukumbi ukachangamka. Nikajiona ninaiweza.

Ndipo nikamwona Mauwa, meza ya tatu, na baibui lake la nakshi. Kulia kwake mume, kushoto kwake mama mkwe.

Kwetu sie wa dansi kuna jambo ambalo halina mjadala. Mtu aliyewahi kupanda jukwaani na bendi, akitokea mahali inapopiga, lazima atajwe na apewe heshima yake. Usipomtaja umemzika. Nimeona wanaume wazima wakilia kwa sababu bendi yao ya zamani iliwapita kimya. Kwa hiyo nikamtaja. Nikamwambia Anselmo ashushe gitaa kidogo, nikasema: "Nani yule? Si Mauwa? Mauwa Jenereta, mnenguaji wa Ngarambe Sound, miaka sita juu ya jukwaa hili! Simama mama, wakuone! Kiuno kile hakijawahi kukatika umeme!"

Vigelegele. Mpiga video akamwelekezea kamera, akatokea kwenye skrini kubwa nyuma ya bibi harusi. Mie nikaendelea, nikarudia jina mara nne, tano, nikaimba nalo. Nilipogeuka tena meza ya tatu ilikuwa na viti vitatu vitupu, na keki ilikuwa bado haijakatwa.

Leo saa mbili asubuhi mlango ukagongwa. Mauwa, na begi moja, maji yanamchuruzika. Hakunisalimia. Akasema, "Umeniua, da Atu."

Nikamkalisha, nikampa khanga kavu, akazungumza akiangalia sakafu. Kumbe alipoolewa aliwaambia yeye ni msusi, ana kibanda Temeke. Msusi! Miaka kumi na moja wanamjua kwa ususi, mpaka mawifi wanamletea vichwa vyao awasuke. Jana walipofika nyumbani mama mkwe akasema maneno ambayo sitayaandika. Talha alikaa kimya mpaka alfajiri, akaswali, akatoa talaka moja, akampa nauli. Mtoto wao Shufaa, wa miaka tisa, alikuwa bado amelala.

Jumatatu, 30 Machi

Mie ni Mlutheri wa Tukuyu, haya mambo siyajui, amenieleza. Talaka ni moja tu, kwa hiyo mlango haujafungwa. Anakaa eda. Akishaona siku zake mara tatu, ya tatu ikiingia tu, basi, eda imekwisha na mume hana tena ruhusa ya kumrejea hivi hivi. Kabla ya hapo, Talha akisema neno moja tu, "nimekurejea", anarudi kwake kama vile hakuna kilichotokea.

"Kwa hiyo tuna miezi miwili na kitu," nikasema.

"Tuna?" akasema. Akageukia ukutani.

Alhamisi, 2 Aprili

Mvua. Mauwa hajala tangu jana.

Jumapili, 5 Aprili

Pasaka. Asubuhi kanisani, mchana bonanza, dansi letu la kila Jumapili hapa Wazo. Paa linavuja juu ya kinanda, tukakifunika turubai na mpigaji akawa anapiga mikono ikiwa ndani kama anayetafuta kitu kwenye mkoba. Watu walikuwa wengi kuliko siku zote tangu Idi, na baada ya wimbo wa pili nikajua kwa nini. Video ya sendofu inazunguka kwenye simu. "Jenereta yuko wapi?" wanapiga kelele. "Tunataka Jenereta!"

Anselmo akanivuta pembeni wakati wa mapumziko. "Atu, yule si yuko kwako? Amekwisha achika. Jumapili mbili tu, tunajaza."

Nikamwuliza kama ana dada. Akasema anao watatu. Nikamwambia aende akawachezeshe wao.

Jumatano, 8 Aprili

Mauwa anaosha vyombo visivyo vichafu. Simu anaiweka kwenye kikombe cha udongo ili mlio usikike chumba chote. Haijalia.

Jumanne, 14 Aprili

Imeingia ya kwanza. Ameniambia huku anapepeta mchele, utadhani anatangaza bei ya nyanya. Mie nimetoka nje nikasimama mvuani.

Jumatatu, 20 Aprili

Jumatatu ndiyo siku yangu ya mapumziko, na toka nilipokuwa msichana naitumia kwenda kusikiliza wenzangu. Leo nimekwenda mpaka Chanika, kwa mfanyabiashara mmoja wa mbao aliyekuwa anafungua duka na kuita vijana wa singeli. Saa tisa mchana, jua limetoka kidogo, tope mpaka kwenye vifundo. Yule kijana aliyeshika maiki niseme nini? Anapumua wapi sijui. Maneno yanamtoka mfululizo na hakuna hata moja linaloanguka nje ya ngoma. Bendi yangu nzima na vyombo vyake haina moto ule, na nasema hivi mie niliyeishi kwa dansi. Tunapiga nyimbo za mwaka ule ule kila Jumapili, kisha tunawalaumu watoto kwa kutuacha.

Nikaanza kutikisa kichwa. Halafu akaanza kutaja majina. "Namwona Jesca wa mama lishe! Jesca, inuka!" Na Jesca akainuka, anaona aibu, anacheka, aproni bado kiunoni. Nikajiuliza huyu Jesca ana mume, mume yuko wapi, amemwambia anakwenda wapi leo. Nimeondoka wimbo haujaisha. Haijawahi kunitokea.

Jumapili, 26 Aprili

Stephano hatarudi, amepata kazi Mtwara. Anselmo ananipa maiki ya urapa, nimekataa kutaja mtu. Nikaimba wimbo wangu, nikanyamaza. Mteja mmoja akaja mpaka mbele kulalamika kwamba amekaa saa nzima na hakuna anayejua kama amekuja.

"Rapa asiyetaja watu ni kitu gani?" Anselmo akaniuliza.

"Ni mtu aliyejifunza," nikamjibu.

Alhamisi, 30 Aprili

Mvua, mvua, mvua. Ukuta wa choo umeanguka. Mauwa na mie tumeujenga upya kwa mabati, hatukusema hata maneno kumi.

Jumanne, 5 Mei

Nitaandika kama yalivyosemwa.

Nilimwambia Mauwa, baada ya chai, kwamba inatosha, mwezi mzima nanuniwa ndani ya nyumba yangu mwenyewe, na mie sikumtaja kwa ubaya. "Ile ilikuwa heshima. Unajua kabisa. Ningekupita kimya ungesema Atu ameringa."

"Heshima ya nani?" Hakupandisha sauti, na ingekuwa afadhali angepandisha. "Da Atu, pale Tegeta nilikukwepa, uliona?"

"Niliona. Ukageukia bamia."

"Mama mkwe alikuwa nyuma yangu anachagua nyanya. Hatua mbili. Ulikuwa unaniita kwa jina lile na yeye yuko hatua mbili. Nilifika nyumbani nikatapika. Wewe ulidhani nimejaa majivuno."

Nikakusanya vikombe vya chai.

"Na kwenye sendofu, mlipokuwa mnapanga vyombo nilikuona, nikasema Mungu wangu, Atu ataelewa. Ananijua. Akiniona nimekaa na wale watu ataelewa bila kuambiwa." Sasa ndio akaniangalia. "Hukuelewa? Au ulinilipa ya sokoni?"

Nikamwambia sikuelewa. Nimeapa. Ametoka kwenda kuanua nguo, na mie nimekaa na hili daftari, na humu ndani siwezi kuapa. Nilipomwona meza ya tatu, kabla ya heshima na kabla ya mila yoyote ya dansi, nilisema moyoni: leo hunikwepi. Hayo ndiyo maneno. Leo hunikwepi, mama wa ghorofa.

Jumatano, 13 Mei

Ya pili.

Jumapili, 17 Mei

Sauti yangu haitoki vizuri. Anselmo anasema ni baridi. Watu tisa.

Jumatano, 27 Mei

Idi kubwa. Saa nane mchana gari likasimama barabarani, na Shufaa akashuka peke yake, gauni jipya, amekumbatia hotipoti. Mauwa alikimbia kwenye tope bila ndala. Sijaona mtu akilia hivyo na kucheka hivyo kwa wakati mmoja.

"Nani kakutuma, mwanangu?"

"Baba. Kasema nikuletee pilau. Kasema nikae mpaka alasiri."

"Na bibi?"

"Bibi hajui." Mtoto akaangalia chumba chetu, kitanda, mabati, akaniamkia vizuri, shikamoo bibi, nikajiona mzee. Mauwa akamsuka. Mikono yake inajua kusuka kweli sasa, miaka kumi na moja ya mawifi. Mtoto akasimulia kwamba baba siku hizi hali chakula cha jioni, anakaa barazani na taa imezimwa.

Alipoondoka Mauwa akaninong'oneza, mara ya kwanza tangu Machi kwa sauti ya zamani: "Da Atu, mwanaume asiyekutaka hakutumii pilau." Nikasema kweli kabisa. Nilikuwa naamini. Tumekula pilau lote, tukakwangua mpaka ukoko.

Jumamosi, 30 Mei

Nimepita ukumbi wa bonanza kuacha nguo za kesho, nikakuta bango getini, refu kama mlango: MAUWA JENERETA ARUDI JUKWAANI. Picha yake Anselmo ameikata kutoka kwenye ile video. Nimelichana lote kwa mikono, hata misumari nikaing'oa. Anselmo alisimama ananiangalia. Hakunitukana. Alisema tu kwamba ana wanamuziki saba na mvua ya miezi mitatu, na kwamba kuanzia kesho nisije.

Miaka ishirini na miwili. Nilidhani nitalia, sijalia.

Alhamisi, 4 Juni

Mvua imepungua. Simu haijalia.

Jumapili, 7 Juni

Jumapili ya pili sasa sijaimba mahali popote. Kutoka hapa kitandani nasikia besi ya Ngarambe Sound, maneno hayafiki. Mauwa anafua mashuka.

"Da Atu," amesema, "siku zangu nazijua. Zimebaki mbili, tatu. Nenda wewe."

"Niende nikaseme nini?"

"Useme chochote. Mdomo ndio kazi yako."

Nimepanga. Nitamwambia Talha nilimfananisha. Kwamba Mauwa Jenereta alikuwa mwingine, amekwisha kufa, na taa za ukumbi zilinichanganya. Nitaapa kwa Biblia nikiishika mkononi. Mungu atanihukumu baadaye, akipata nafasi.

Jumanne, 9 Juni

Nimeondoka saa moja asubuhi, na Biblia kwenye kipochi. Nilimkuta Talha dukani kwake, peke yake, anapanga vitasa. Amekonda. Nilijiandaa kuchukiwa, lakini alinivutia kiti na kuagiza chai.

Nikaanza. "Shemeji, nimekuja kukiri kosa. Siku ile nilimfananisha mke wako. Yule ninayemjua mie..." Nikaitoa Biblia.

Akaweka kiganja juu yake, taratibu. "Shemeji, usiape. Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Nilijua kabla ya kumwoa. Nilimwona Temeke, kwenye bonanza lenu. Nilimsindikiza mteja wangu anayependa dansi. Wiki iliyofuata nikarudi bila mteja. Jumapili nne nilikaa nyuma kabisa na soda yangu, namwangalia yeye tu. Nilipompata na kumwuliza anafanya kazi gani, akasema ni msusi. Nikasema sawa, ni msusi. Nikaona siku moja atanisimulia mwenyewe, tutacheka."

Chai ikaletwa, hakuna aliyeigusa.

Nikaona jua linatoka. Nikamwambia, kwa furaha kabisa, mjinga mie: "Sasa si hakuna kosa! Ulijua, ulimpenda hivyo hivyo! Mrejee, shemeji. Ni neno moja. Sema tu nimpelekee. Mama mkwe atazoea."

"Mama ningemnyamazisha siku ile ile," akasema. Akachukua kitasa kimoja, akakifungua, akakifunga. "Wewe ulipomtaja, alicheka. Hukumwona? Alicheka, uso wote. Ndio uso ule ule wa Temeke. Nimekaa na yule mwanamke miaka kumi na moja, nimemjengea, amenizalia, hajanikosea hata siku moja, na uso ule sijauona tena. Nilidhani ni umri. Nilidhani amekuwa mtu mzima. Kumbe upo, ila haujawahi kuwa kwa ajili yangu."

"Ni kitu cha dakika moja, shemeji."

"Ndiyo. Na nikimrejea nitakuwa namtazama kila siku asubuhi mpaka usiku nautafuta. Mwishowe nitamchukia, na yeye hajafanya kitu. Bora niwe mbaya sasa." Akafuta macho kwa kiganja, bila kuficha. "Mwambie Mauwa mtoto atakwenda kwake kila likizo. Mwambie sina kinyongo."

Nilirudi kwa miguu sehemu kubwa ya njia. Nilikuwa natafuta uongo. Nimeimba maneno ya uongo maisha yangu yote, ya mapenzi, ya matajiri wakarimu, na leo sikupata hata mmoja wa kumpelekea Mauwa.

Alikuwa amekaa mlangoni. Alinisubiri nivue viatu.

"Imeingia," akasema. "Ulipotoka tu. Nilitaka kukupigia nikasema acha afike, labda alikwisha kulisema neno kabla." Akaninyooshea mkono nikae. "Sema tu, da Atu. Hakuna kitakachobadilika."

Nikamwambia yote. Temeke, Jumapili nne, soda. Alisikiliza bila kupepesa. Nilipofika pale alipocheka, akanikatiza.

"Nilicheka?"

"Ndivyo anavyosema."

"Sikuulizi yeye. Wewe ulikuwa juu, na taa. Nilicheka?"

Hilo sikuliandika humu siku ile. Niliandika vigelegele, nikaandika skrini na viti vitupu. Nilimwona. Nilitaja jina mara ya kwanza akaniangalia na uso wake ukafunguka wote, na ndiyo maana nilirudia mara ya pili, na ya tatu, na ya tano.

"Ulicheka," nikasema.

Aliangalia mikono yake.

"Mie najua niliinamisha kichwa," akasema.